Mjazo wa Krismasi ya Mwisho Pinsent

Mwaka ule hakuna jirani hata mmoja aliyemletea Drusilla Pardy mkate mkavu.

Tangu aolewe, kila Desemba wanawake wa kijiji cha Pinsent walikuwa wakimkusanyia vipande vya mkate uliolala na kumpelekea ndani ya mifuko. Yeye aliuvunjavunja, akauchanganya na vitunguu, siagi na majani makavu ya sevori, kiungo chenye harufu kali, na siku ya mkesha kila nyumba ilirudishiwa bakuli la mjazo wa kutia tumboni mwa bata mzinga. Hakuna aliyejua kuupika kama yeye, na hakuna aliyejisumbua kujifunza. Safari hii alingoja mpaka Krismasi ikawa mlangoni. Mwishowe akaoka mikate yake mwenyewe, akaikata na kuitandaza juu ya kitambaa katika chumba cha wageni ili ikauke.

"Wamesahau tu," alisema Selby, mumewe.

"Myrtle Strickland asahau? Myrtle anakumbuka mpaka soksi nilizovaa kwenye harusi yake!"

Selby akajifanya anatafuta miwani.

Hawakusahau. Kisa kilikuwa ile kura ya Oktoba. Pinsent haikuwa na barabara. Mtu aliingia na kutoka kwa feri, na feri yenyewe ilikuja pale tu hali ya hewa ya kisiwa cha Newfoundland ilipoamua kuwa na huruma. Shule ilikuwa imefungwa, muuguzi alikuwa ameondoka, na serikali ilisema itawasaidia watu kuhamia mjini iwapo karibu wote wangekubali. Wakapiga kura ya siri ukumbini mwa kanisa. Ilikosekana kura moja tu ya ndiyo.

Na kila mtu alikuwa na hakika ni nani aliyeinyima. Drusilla ndiye aliyesema dukani, kiangazi, mbele ya watu, kwamba yeye atatolewa Pinsent ndani ya jeneza. Ni kweli alisema, na siku ile aliamini alichosema. Lakini Septemba mjukuu wake Maisie alishikwa na pumu usiku wa upepo mkali, helikopta ikashindwa kuja, na Drusilla akakaa hadi alfajiri akimshikilia mtoto mgongo huku akisikiliza kifua kile kikilia kama mlango mbovu. Alipopewa karatasi ya kura hakusita. Aliweka alama kwenye ndiyo. Baadaye alimwambia mwanawe Wade, akamwambia mkwewe Corinne, akamwambia Myrtle. Walimsikiliza kwa adabu, na wote waliondoka na imani yao ileile.

Asubuhi ya mkesha alikuwa jikoni, vitunguu vikichemka taratibu ndani ya siagi, Selby alipovuta kiti, akaketi mbele ya beseni na kuanza kuvunja mkate.

Drusilla alimtazama. Katika ndoa yao yote mtu huyu hakuwahi kushika kitu cha jikoni zaidi ya kijiko.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakusaidia."

"Basi vunja vidogo. Hayo mapande yako yatamsonga mtu."

Akavunja vidogo. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa mafuta ya mashine usiotoka kwa sabuni yoyote. Selby ndiye aliyeitunza jenereta ya kijiji, tangu enzi za ile ya kwanza iliyokuwa ikitoa moshi kama meli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na asubuhi ile yalikuwa machache zaidi.

"Drusie," alisema, macho ndani ya beseni. "Ile kura."

"Nimechoka na ile kura. Nimepiga ndiyo, nimesema ndiyo, na hakuna anayenisadiki chini ya jua hili."

"Mimi nakusadiki."

"Wewe pekee! Kwa nini?"

"Kwa sababu ile hapana ni yangu."

Drusilla aliendelea kukoroga. Alikoroga mpaka vitunguu vikageuka rangi, kisha vikaanza kunuka, na bado mwiko ulizunguka. Selby ndiye aliyeinuka kuzima jiko.

"Ulisimama ukumbini," alisema Drusilla. "Ulisema kwa mdomo wako hutaki mtoto yule aingoje helikopta tena."

"Nilisema."

"Ukaongopa."

"Sikuongopa. Nilipoingia nyuma ya lile pazia, na penseli mkononi, nikafikiri... Drusie, huko mjini mimi nitakuwa nani? Hapa taa zikizimika, watu wanasema mwite Selby. Kule nitakuwa mzee wa dirishani."

"Kwa hiyo mjukuu wako akose pumzi, mradi wewe uitwe."

Drusilla alimwaga vitunguu vilivyoungua, akachukua vingine, akaanza kumenya upya. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyafuta, kwani kitunguu kilikuwa mkononi.

"Wade na mkewe wanaondoka keshokutwa bila msaada wa serikali," alisema. "Wanaiacha nyumba waliyoijenga kwa mikono yao, na wanaondoka wakinichukia mimi. Utawaambia kesho, mezani. Usipowaambia, sijui tutaishije humu ndani."

"Nitawaambia."

Wakamaliza kazi pamoja. Drusilla akamimina vitunguu na siagi juu ya mkate, akasugua sevori kati ya viganja mpaka jikoni kukanukia Krismasi zote alizowahi kuishi, akanyunyiza chumvi na supu kidogo. Akafinya konzi moja ya mjazo: ulishikana, na alipofungua mkono ukaachana. Ulikuwa sawa kabisa. Mabakuli ya majirani yalibaki kabatini.

Siku ya Krismasi walikuwa watano mezani. Corinne alikuja kwa sababu Wade alimbembeleza. Hakuvua sweta, kama mtu aliyepita tu. Palikuwa na bata mzinga, nyama ya chumvi, viazi na karoti, na Drusilla alipompitishia mkwewe sahani ya mjazo, Corinne aliisukuma kwa ncha ya kidole ikaenda kwa Wade.

"Nimeshiba, mama."

"Hujala kitu, mwanangu."

"Nimeshiba tangu Oktoba."

Wade alikohoa. Maisie, ambaye alikuwa na miaka saba na hakujua kukaa kimya, alikuwa amemaliza wake na alitaka mwingine.

"Bibi, mjini utakuja kutupikia huu?"

"Bibi hawezi kuja mjini, mpenzi," alisema Corinne. "Bibi ana mawe yake hapa ya kuyalinda."

Drusilla alimtazama mumewe. Selby alikuwa akikata nyama katika vipande vidogo sana, vyote sawasawa.

"Mzee," alisema Drusilla. "Ulikuwa na neno."

Wote wakageuka. Selby alifuta mdomo. Alimwangalia mwanawe, akamwangalia mtoto.

"Ndiyo. Nilitaka kusema... bata huyu amelainika vizuri mwaka huu." Akasogeza sahani. "Niongezee mjazo, Drusie."

Akamwongezea. Kijiko kiligonga sahani kwa kishindo, na hakuna aliyejua ni kwa nini isipokuwa wao wawili.

Walipokuwa wakivaa makoti Wade alibaki nyuma na mama yake jikoni.

"Ungesema tu, mama. Hapa ni kwenu, ningekuelewa. Kinachoniuma ni huu uongo."

"Sijakuongopea."

"Basi ni nani? Nitajie mtu mmoja."

Jina lilimfika kwenye meno. Selby alikuwa kwenye chumba cha pili, akimfunga mjukuu wake skafu, akimtania kwamba pua yake ni karoti iliyosahauliwa sufuriani. Na hata akilitaja, aliona, litasikika kama hila ya mwanamke anayemtupia mumewe mzigo. Lilipaswa kutoka kinywani mwa mwenyewe.

"Vaa kofia," alimwambia mwanawe. "Nje kuna baridi."

Kesho yake feri ilikuja. Selby alibeba masanduku mpaka gatini, moja baada ya jingine, akikataa kusaidiwa, na Drusilla alisimama kando na mkoba wa chakula cha njiani. Baharia alikwisha shika kamba Selby alipofika na sanduku la mwisho. Hakulikabidhi. Alisimama nalo kifuani.

"Wade. Ile kura ilikuwa yangu. Mama yako hakukuongopea."

Aliyasema kwa haraka na kwa sauti kubwa mno, kwa ajili ya kelele za injini, hivi kwamba baharia naye alisikia, na majirani waliokuwa gatini pia.

"Jana ulikaa ukala," alisema Wade. "Mke wangu anamtukana mama, na wewe umekaa unaomba kuongezewa."

Akalichukua sanduku na kuingia nalo ndani. Hakutoka tena. Corinne ndiye aliyerudi mbio gatini, akamkumbatia Drusilla huku akilia na kusema nisamehe, mama, nisamehe, njoo nasi leo hii, utakuja hivyohivyo ulivyo. Drusilla alimpangusa mashavu kwa glavu.

"Nenda, mtoto anapigwa na upepo."

"Na wewe?"

"Mimi nina mtu nyumbani."

Alikuwa amefikiri kwamba ukweli ukisemwa kitu fulani kitarudi mahali pake. Kilichorudi ni majirani. Kabla ya jioni Myrtle alikuwa mlangoni, mfuko wa mkate mkavu mkononi, akilia kuliko Corinne. Drusilla aliupokea, akamkaribisha chai, na Myrtle alipoondoka akatoka nyuma ya nyumba akawamwagia ndege. Na kadiri walivyomrudia yeye, ndivyo walivyomkimbia Selby. Hawakumtukana. Waliacha tu kumhitaji.

Februari kukawa na dhoruba na umeme ukakatika. Selby alivaa buti, akaketi karibu na mlango, akingoja kugongewa. Mlango haukugongwa. Mwishowe alikwenda bila kuitwa, akamkuta Hedley, mume wa Myrtle, ameinama juu ya jenereta na tochi mdomoni, akigusa kila asichopaswa kugusa.

"Rudi nyumbani, Selby," Hedley alisema. "Tutajifunza. Si tutakaa hapa milele? Umetaka mwenyewe."

Kijiji kilikaa gizani hadi mchana wa siku ya pili. Selby alirudi, akavua buti, akazipanga vizuri ukutani. Drusilla alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tayari tangu Krismasi. Alimwona jinsi alivyokaa, akamtilia supu.

Aprili walipiga kura tena, na hakuna aliyepinga. Kufikia vuli Pinsent haikuwa na mtu.

Wade aliwatafutia wazazi wake vyumba viwili mjini, akalipia mwezi wa kwanza, akaweka hata pazia. Kila Jumapili huja kumchukua mama yake kwenda kula kwao. Husimamisha gari mbele ya jengo, hapigi honi, hazimi injini. Maisie hukaa kiti cha nyuma; pumu yake haijamrudia kwa ukali ule, na amerefuka.

"Njoo basi," Drusilla humwambia mumewe akifunga vifungo vya koti. "Safari hii tushuke wote."

"Amesema nije?"

"Hajasema usije."

"Nenda wewe. Utachelewa."

Mwanzoni Drusilla alikuwa akimwuliza Wade, wakiwa njiani, lini atapanda juu kumsalimu baba yake. Wade alikuwa akijibu kwamba barabara ina utelezi, au kwamba wiki ijayo wataona. Siku hizi hamwulizi. Huzungumza na mtoto habari za shule.