Mama Aliyetolewa Mahakamani

Siku ya hukumu, mama mshona mapazia alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akakaa benchi la mbele, roho mkononi. Pembeni yake alikaa bintiye, ambaye nyumbani walimwita Redio kwa kuwa alizaliwa bila swichi ya kuzimia.

Redio alifukuzwa chuo kikuu cha serikali kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa wanafunzi: vyoo vya bweni la wasichana havina milango, ilhali ofisi ya mkuu wa chuo inabadilishiwa mapazia. Mapazia yenyewe kayashona mama. Chuo kikamwambia aombe radhi, arudi darasani. Akakataa, akaenda kukishtaki.

"Ulimi uliponza kichwa, mwanangu," mama alimwambia kila siku, mguu ukiwa kwenye cherehani. "Sema samahani, yaishe."

"Kwani nimesema uongo?"

"Nani kataja uongo? Mimi nimesema uombe radhi!"

Sasa jaji alikuwa anasoma, taratibu, miwani puani. Akasoma kwamba mwanafunzi huyu ni mkorofi. Kwamba amekichafua chuo. Kwamba lugha yake ni ya kihuni, haimfai binti aliyelelewa. Wakili wa chuo akawa anaitikia kwa kichwa.

Damu ikampanda mama. Aliyemlea ni nani kama si yeye? Akajikuta amesimama.

"Mhuni nani? Huyu? Nimemlea kwa mikono hii! Nenda wewe mheshimiwa ukajisaidie kwenye vyoo vile visivyo na milango, watu wanapita, halafu urudi utuambie lugha utakayotumia!"

Watu wakaangua kicheko. Redio akamvuta gauni. "Mama, kaa! Hayo ni madai ya chuo, anayasoma tu. Uamuzi wake bado!"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Jaji alivua miwani. "Mama, omba radhi kwa mahakama, au utoke nje."

Neno lenyewe dogo, na yeye ndiye aliyelihubiri mwaka mzima. Alifungua kinywa. Likakwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Natoka, mheshimiwa," alisema. "Kwa heshima zote, natoka."

Akasimama kwenye korido, askari akimlinda kama mwizi wa kuku. Alitega sikio mlangoni, hakuambulia kitu. Mara vigelegele. Mlango ukafunguka, Redio akamrukia shingoni.

"Nimerudishwa, mama! Jaji kasema mwanafunzi kusema si kosa. Chuo hakina ruhusa ya kumfukuza mtu kwa maneno yake!"

Mama akamkumbatia mpaka mkoba ukaanguka.

Wakili wa chuo akawafikia, akitabasamu nusu. "Hongereni. Sasa mama, wewe ni mtu mzima. Mshauri binti aandike hata mstari mmoja wa radhi, arudi kwa amani."

Redio akamtazama mama yake, akisubiri wimbo ule ule.

"Mwanangu," mama alimwuliza wakili, "ile milango imeshawekwa?"

"Iko kwenye mipango."

"Haya. Na radhi nayo iko kwenye mipango."