Binti Aliyeshindwa Kupiga Magoti

Karakana ya Romanus pale Mbinga ilitengeneza filamu za katuni kwa kuchora kila picha kwa mkono. Biashara ilipoachiwa huru, mikanda ya nje ikajaa madukani, naye akauza kamera na meza za kuchorea, akanunua kompyuta. Maji alikuwa ameyavulia nguo: filamu ya kwanza isipopendwa na wanakijiji wa Kihagara, wangefunga mlango.

Vitalia, mchoraji wa tangu mwanzo, alimtazama binti wa katuni kwenye kompyuta akimpa babu yake maji.

"Mbona anampa amesimama?"

"Mama, magoti yake yananisumbua," alisema Osward, fundi wa kompyuta. "Nikiyakunja, anachuchumaa kama chura."

Romanus alishika kichwa. "Wazee watatuzomea mpaka kijiji cha Chiwanda!"

Vitalia hakumcheka Osward. Alichukua kikombe. "Basi nitazame mimi, baba."

Romanus alijua magoti ya Vitalia yanamuuma, akavua koti lake akalitandika sakafuni. Vitalia akapiga magoti, akainuka, akarudia polepole, huku Osward akimfuatisha kwenye kompyuta. Jioni binti akaweza, na koti likawa jeusi kwa vumbi.

Kihagara walitundika shuka jeupe ukutani, filamu ikaanza. Binti akapiga magoti, akainua kikombe.

"Shikamoo, babu."

Kisha mzee mmoja aliyekaa mbele akajibu kwa sauti, "Marahaba, mjukuu wangu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko na vigelegele.

"Hatufungi, mama," Romanus alinong'ona, macho yakimlenga machozi.

"Hatufungi," alisema Vitalia. "Nipe hilo koti nikalifue."