Neno la Nzioka

...na kwa nini amwambie yeye, kwa nini Shee, mtu wasiyejuana naye, wamepeana majina tu saa moja iliyopita walipobaki wawili kwenye benchi hili la ghorofa ya tatu, huyu akasema naitwa Nzioka, natoka Machakos, mchora ramani kama wewe, naye Shee akataja jina lake bila tabasamu, maana hapa Nairobi ukimwonyesha mtu meno atayahesabu, na sasa Nzioka ametoka ndani kwenye mahojiano, ameketi tena kufunga kamba za viatu vyake, na bila kuinua kichwa amesema polepole, "Watakupatia ramani ya nyumba uangalie. Bomba ya choo imechorwa inapanda mlima. Waambie ni makosa. Mimi nimeiona nikiwa nimeshafika mlangoni, tayari nimewaambia iko sawa," basi, hivyo tu, kama mtu anayekuelekeza posta... hakuna anayetoa kitu cha namna hiyo bure, hapana, huyu ana lake, ramani yenyewe pengine kaichora Mzungu mwenye ofisi kwa mkono wake, na mgeni aingie hajaketi amwambie bwana umekosea, si ndiyo atatolewa mbio, nafasi ibaki kwa Nzioka, na hata hiyo kamba ya kiatu, mbona haifungiki, dakika ngapi hizi za kufunga kiatu, "Bado kidogo, bwana," anasema Njambi, karani, hata hakuulizwa, vidole vyake vinarudi kwenye taipu, huyu naye, asubuhi Nzioka alimwinamia pale mezani wakacheka wote wawili, na Shee alisikia jina lake, Shee, alilisikia kabisa... au walisema chai... palikuwa na kikombe pale mezani, lakini kikombe si hoja, watu wa bara wanajuana, nafasi ilishapewa shemeji ya mtu tangu mwezi jana, tangazo la gazetini ni la kutimiza sheria tu, kama kule Upper Hill alikohojiwa, yule bwana mnene alipomwuliza Pwani unatoka sehemu gani, na Shee akajua papo hapo, huyu anatafuta la kunikatalia, akamjibu, "Kwani ramani inachorwa kwa kabila?" yule bwana akafunga faili taratibu, akasema mke wake ni wa Faza, huko huko Lamu, alitaka kujua tu... uongo, uongo ule, ingawa alitaja na mtaa, akataja na msikiti, na usiku ule mkewe Kijakazi alipokuwa akikwangua masufuria kwenye kile chumba cha nyuma huko Kileleshwa, chumba alichopewa yeye kwa upishi wake, si Shee, Shee analala humo kama mgeni wa mkewe na cheti chake cha uchoraji kimefungwa kwenye kanga kisiliwe na mende, Kijakazi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Baba Mgeni, wewe huendi kuomba kazi. Wenda kushitaki. Waingia kwa watu umeshanuna, hawajakutenda neno," na yeye akamwambia hujui mji huu wewe, akageukia ukuta, wenye nyumba wanahama mwisho wa mwezi, chumba kinakwenda nao, na ikifika hapo itabidi warudi Lamu na mtoto wao Mgeni na cheti, aseme nini kwa baba yake, aseme walimfanyia hila, na nani hakufanyiwa hila hapa... Isaiah... hapana, Isaiah haingii katika jambo hili, Isaiah ni jambo jingine, walikuwa wakigawana meza moja ya kuchorea pale chuoni, siku ile wamesimama Kenyatta Market moshi wa nyama unawaingia machoni, Isaiah anaikunjua barua yake ya kuitwa kwenye mahojiano, iliyolowa mvua, wino umesambaa, "Kesho ni saa nne au saa nane? Yangu haisomeki," na mdomo wa Shee ukasema saa nane, wenyewe, kabla yeye hajaupa ruhusa, saa nane, na Isaiah akasema asante ndugu yangu, akamkatia kipande cha mbavu, na Shee akakila... kesho yake saa nne Shee akaingia peke yake, na kazi hakuipata, hakuipata kwa sababu muda wote wanamwuliza masikio yake yalikuwa mlangoni, kila kiatu kilichopita ukumbini ni Isaiah, walimwuliza kipimo akajibu tarehe, na Isaiah alipokuja saa nane, nywele zimechanwa, akakuta mlango umefungwa, jioni alimwambia Shee, "Hawa watu lazima walibadilisha saa," akatikisa kichwa, akamwuliza wewe je, walikutendea vizuri... hakumshuku, hata chembe, ilikuwa rahisi mno kumshuku na hakumshuku, na tangu siku ile kila anayekaa karibu na Shee kwenye benchi, kila anayemwambia saa, kila karani anayecheka, Shee humtazama usoni na kuona mtu aliyesema saa nane, kumbe mtu huyo ni mmoja tu, na kila asubuhi Shee humwona kwenye kioo akifunga tai... taipu inagonga, mlango umefungwa bado, Nzioka amemaliza kiatu cha kwanza, yuko kwenye cha pili, kamba imekatika katikati na anaiunga fundo, kumbe ndiyo maana, kamba imekatika, fundo linafunguka na analirudia kama mtu aliyetoka kukosa kazi, labda ni mtego, labda hata sasa ni mtego, Shee hajui, kuna ramani ndani na macho anayo, ataitazama mwenyewe, lakini huyu hajajibiwa neno, na Shee akasogea kwenye benchi mpaka bega lake likakaribia la yule mtu.

"Pole, bwana Nzioka," akasema. "Hilo bomba liko upande gani?"