Uzi Mwekundu wa Mifuko

Nilisikia mfuko wa plastiki ukichakacha jikoni kabla hakujapambazuka, nikatabasamu gizani. Alikuwa Mchwa, mjukuu wangu wa miaka mitano, aliyekuja na mama yake kunitembelea. Tulimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haupumziki.

Nilimkuta sakafuni, mkate mkononi.

"Bibi, mkate wako unanuka sabuni," alisema huku akitafuna.

Nikatazama kamba iliyo juu ya sinki, ninapoanika mifuko niliyoifua. Uliowahi kubeba nyama mbichi au kitu kibaya huufunga uzi mwekundu, uwe wa takataka tu. Mmoja ulikuwa wa sumu ya panya. Sikuona uzi hata mmoja.

Mama yake, mkwe wangu, akatokea akifikicha macho. "Niliifua yote tena jana, mama, nikupunguzie kazi. Vile vinyuzi vilishachakaa, nikavitoa."

Alikuwa amenitendea wema.

"Mkate uliutia mfuko gani?"

"Wowote tu. Si yote ni safi?"

Nilipomweleza hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimpokonya mtoto mkate, akamsukutua mdomo, akambeba. Mimi niliushika ule mfuko kwa ncha za vidole, kama mkia wa nyoka, tukakimbilia zahanati.

Muuguzi aliupokea. "Mmefanya vizuri kuja nao. Na msimtapishe."

Kutwa nzima nilihesabu pumzi za mtoto. Kila alipopiga miayo, nilimwinamia kumtazama. Mkwe wangu alinifunika mabega kwa mtandio wake.

Jioni muuguzi alisema, "Sioni dalili, lakini sumu hii huchelewa. Mrudisheni kesho kutwa tumpime damu. Na bibi, mfuko wa sumu haufuliwi. Wa nyama mbichi pia. Hutupwa, hata ukiufunga nyuzi mia."

"Nimesikia, mwanangu."

"Mkate mwingine upo?" Mchwa akauliza.

Usiku ule, na uliofuata, nililala nimemshika kifundo cha mguu. Damu ilipopimwa ilikuwa salama. Mifuko yote nilishaitupa, na mkate nikautia kwenye kopo lenye mfuniko.

Mkwe wangu alikunja nguo zao taratibu, akafunga mkoba. Walikuwa wakae wiki nzima. Nikaushika mkoba ule kabla hajauinua.

"Mwanangu," nikamwambia, "utamleta tena anione?"