Gari Linalofika

Kijana wa mauzo katika duka la magari la Gaborone alimwamkia Rra Moagi, akamvutia kiti, akamletea kahawa. Mma Kelapile, ambaye hela ni zake na shida ya gari ni yake, aliachwa amesimama karibu na mlango, mkoba kifuani. Wala kijana hakukosea. Kwa ukoo wa marehemu mumewe, ng'ombe wakishauzwa wanaosema ni wanaume, na mjane husindikizwa na shemeji yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ng'ombe ishirini walikuwa wameuzwa ili lipatikane gari jipya la juu, lenye nguvu ya kupanda mchanga wa jangwa la Kgalagadi. Kwa hiyo Rra Moagi, ambaye hakuwahi kunywesha hata ndama mmoja wa ng'ombe hao, ndiye aliyekuwa anasema.

Alisema sana. Alisifu rangi. Alisifu kioo cha kuonyesha ramani, na viti vinavyopoza mgongo.

"Na waranti miaka saba, shemeji," akamgeukia. "Miaka saba huna wasiwasi."

Mma Kelapile alihisi hasira ikimpanda, ileile aliyolala nayo na kuamka nayo miaka miwili. Gari la mwisho nalo lilinunuliwa hapahapa, na nalo lilikuwa na waranti ya miaka saba. Siku ile alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha pembeni, na swali moja mdomoni: likiharibika kule kwetu Hukuntsi, nani atalitengeneza? Akalimeza. Mke hasemi mbele ya wanaume wanaponunua.

Gari lilidumu miezi kumi na minne. Mwezi wa Oktoba, jua likiwa kali kama adui, mumewe alitoka Hukuntsi siku ya Jumatatu na mapipa manne ya dizeli. Pampu ya kisima kule kambini kwa ng'ombe ilikuwa imezimika kwa kukosa mafuta, na birika la kunyweshea lilikuwa kavu tangu jana yake. Kilomita arobaini kabla ya kufika, kioo kikaandika maneno mekundu na gari likazima. Akapanda juu ya tuta la mchanga kutafuta mtandao, akapigia kampuni. Wakamwambia mambo mawili. Mtu mwingine yeyote asilivute wala asifungue boneti, la sivyo waranti imekufa. Na wao hawatatuma gari la kulivuta mpaka karatasi za waranti ziletwe ofisini Gaborone, mkononi. Karatasi alikuwa nazo Rra Moagi, maana ndiye msemaji wa ukoo, aliyepatana bei. Akampigia, naye akasema amekwisha zipeleka.

Jumanne jirani akapita na lori lake, akasema nipe hayo mapipa niwahi nayo kambini. Mumewe akampigia tena Rra Moagi, mdogo wake, kwanza. Kisha akamwambia jirani aende tu, kwa kuwa kampuni wako njiani na watafika leo, watavuta gari pamoja na mzigo. Walifika Alhamisi. Ng'ombe ishirini na sita walikutwa wamelala kuzunguka birika, wengine ndimi zao zimegusa saruji. Mumewe hakupata kuwa yule yule. Baridi ya mwaka uliofuata ikamchukua, na watu wakasema ni moyo.

Tangu hapo Mma Kelapile, mwalimu mstaafu, alinunua daftari. Kila gari la zamani lililosimama Hukuntsi alilifuata. Alimwuliza mwenye gari: lina kilomita ngapi, limekuangusha mara ngapi, kitu gani kilivunjika, na spea ilichukua siku ngapi kufika? Watu walimcheka, wakasema mama amepata wazimu wa magari. Hakujali. Mtu akinunua mtamba huuliza mama yake aliivukaje miaka ya ukame, lakini mtu huyohuyo hununua gari kwa kuangalia viti. Ujinga huo ulimwudhi kuliko jua. Sasa alibakiwa na ng'ombe kumi na tisa, na pampu ileile, na mchanga uleule. Gari likimwangusha mara moja tu, ukoo mzima wa wale ng'ombe umekwisha.

Akalitoa daftari, akamwambia kijana anataka kwenda uani kwa mafundi.

"Mama, kule ni grisi tu," kijana akacheka, akimtazama Rra Moagi.

"Shemeji, usituaibishe," Rra Moagi akasema kwa sauti ya chini. "Mambo haya yana wenyewe."

"Yana wenyewe, ndiyo. Ni mimi." Akapita.

Uani kulikuwa na magari saba ya aina ileile ya dirishani, yamefunguliwa matumbo, yanangoja vitu kutoka ng'ambo. Kizuri chajiuza, hivi vilikuwa vimeshindwa hata kujiendesha. Pembeni kabisa lilisimama gari la kuvuta mabovu, kuukuu, lenye mikwaruzo, lililoundwa na kampuni nyingine kabisa. Dereva wake alikuwa chini ya kivuli chake akila andazi. Mma Kelapile alimfahamu mara moja. Huyu ndiye aliyelivuta gari mpaka kambini ile Alhamisi, mbele ya macho yake, akavua kofia alipoona birika.

Wakaamkiana. Akamwuliza gari lake lina umri gani.

"Miaka ishirini na mbili, Mma. Klachi nimebadilisha mara tatu. Halina kioo cha kukuandikia, lakini fundi yeyote mwenye spana analijua."

"Mbona kampuni yako haikupi moja kati ya haya mapya?"

Dereva akacheka kidogo. "Nani atakuja kunivuta mimi?"

Mma Kelapile akaandika. Kisha, kwa kuwa swali lilimkaa moyoni, akamwuliza kwa nini siku ile walichukua siku tatu njiani.

"Siku tatu? Nilitumwa Jumatano saa nne, Mma. Alhamisi asubuhi nilikuwa kwenu. Sikulala." Akatazama nyuma yake, ambako Rra Moagi alikuwa amemfuata na kahawa mkononi. "Si huyu mzee aliyeleta karatasi? Jumatano hiyohiyo. Mlangoni pale."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Hii ilikuwa imechukua miaka miwili.

"Ulimwambia kaka yako Jumatatu kwamba umezipeleka," Mma Kelapile alisema. Hakupaza sauti. "Jumanne ukamwambia wako njiani."

Rra Moagi akaangalia kikombe. "Tulikuwa kwenye mahari ya mpwa wangu kule Molepolole. Mimi ndiye msemaji. Msemaji hainuki, shemeji, unajua mila. Nikadhani siku moja mbili haziui."

"Ziliua ishirini na sita. Na yeye."

"Ningemwambiaje kwamba sijaenda?"

"Kwa mdomo. Si unao? Miaka yote umeutumia kunisemea mimi."

Akafunga daftari, akatoka kwa lango la uani. Akavuka barabara mpaka kwa kampuni iliyounda lile gari kuukuu, akanunua jipya lao lisilo na makuu: injini ya dizeli, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, spea zinazouzwa mpaka dukani Hukuntsi. Alisema mwenyewe na akasaini mwenyewe.

Wiki iliyofuata alipokwenda kulichukua, alimkuta Rra Moagi amesimama langoni, koti limepigwa pasi, kibegi mkononi. Kwao gari jipya huenda kwanza kambini, mbuzi huchinjwa, na kiti cha mbele ni cha mwanamume wa ukoo atakayeliombea. Akaufungua mlango wa mbele kama mtu asiye na deni na yeyote. Kitini palikuwa na dumu la maji la lita ishirini, limefungwa mkanda.

"Shemeji, hapa nitakaa wapi?"

"Hapo pana mwenyewe."

Mma Kelapile akaingia upande wa usukani, akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza.

"Na mimi nitafikaje kambini?" Rra Moagi akauliza, mkono bado kwenye mlango.

Mma Kelapile akanyoosha mkono juu ya dumu, akauvuta mlango, akaufunga. Kisha akateremsha kioo kidogo.

"Subiri hapo hapo," alisema. "Wako njiani."