Kanda la Usufi

Saa moja asubuhi, mpimaji wa vifurushi wa posta alirudi nyumbani na mizani ya kazini. Bwawa lililo juu ya mji lilikuwa limepata ufa, daraja la magari lilikuwa limefungwa, na watu walikuwa wamepewa muda wa saa sita tu kupanda kwa miguu hadi uwanda wa juu, kilomita kumi na nane.

Mpango wake ulikuwa kwenye karatasi tangu juzi, ufa ulipoonekana. Kila mtu asibebe zaidi ya sehemu ya tano ya uzito wake. Maji, tochi, kamba, soksi za akiba, vyeti ndani ya nailoni. Mtoto, wa miaka mitatu, mgongoni kwa baba. Mama yake mzazi: mkongojo, mapumziko kila dakika kumi.

Mkoba wa mama ulikuwa umetuna kama chatu aliyemeza mbuzi, ila mshale wa mizani uliishia kilo moja na robo.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Huyu ndiye anayejua kufungasha. Wako umezidi kilo tatu. Umetia kinu humo?"

"Mimi? Muulize mama yako."

Mama alicheka kitini pake. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, baba."

Aliufungua mkoba wa mkewe. Juu kabisa palikuwa na blanketi la mama, na chini yake viatu vya soli ngumu alivyomnunulia mama huyo kwa safari hii. Akaufungua wa mama. Usufi mtupu, mto mzima umechanwa na kushindiliwa humo.

"Mama, viatu hivi?"

"Mguu wangu na wa mkeo ni namba ileile, na vyake vimetoboka. Mpimaji gani wewe, hukuona?"

"Utatembea na nini?"

"Karatasi yako nimeisoma, mwanangu. Mbele ya jina langu uliandika mwendo wa saa kumi na tatu, ukafuta. Kifutio hakiondoi mkwaruzo."

Hesabu ilikuwa sahihi. Nyonga ya mama, iliyovunjika zamani, haikuwahi kupona, na machela nne za mji zilikuwa zimekwenda hospitali zote. Alichuchumaa, akambeba mgongoni. Kilo hamsini na moja. Kufika getini ilimbidi aegemee nguzo. Mtoto alikuwa nyuma yao, mikono juu, akitaka naye abebwe.

"Nishushe," mama alimnong'oneza. "Una mgongo mmoja."

Alimrudisha kitini, akamwekea maji na redio mkono unapofika. Mkewe alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Vilimkaa sawasawa.

"Na mkoba wangu uchukue," mama alisema. "Mtoto apate pa kulaza kichwa."

Alimfunga mtoto mgongoni, mkoba akautia begani. Kilo moja na robo, alizisoma mwenyewe. Kabla hawajafika kona ya kwanza, alikuwa amesimama mara mbili kuuhamishia bega la pili.