Fahali wa Askari Kumi

Kesi ya Amandu, mwaka 1978, ilichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Mahakimu walikuwa wanajeshi watatu, na chai yao ilitiwa sukari ileile aliyokamatwa nayo Amandu mpakani, pale Oraba, akivuka kwenda Sudan. Walipomaliza kunywa ushahidi, Kapteni Fadhul akasoma hukumu: Amandu amehujumu uchumi, atapigwa risasi Ijumaa kwenye uwanja wa Koboko, na watu wote wahudhurie.

Kiden, mkewe, hakulia mbele yao. Alidandia lori la tumbaku hadi Pajulu kuwaita wajomba wa mumewe. Kwetu mtoto wa dada haondoki duniani hivihivi. Aliyemwaga damu yake huwapelekea wajomba fahali. Asipopeleka, hakuna kuzika. Maiti hulazwa mlangoni pake mpaka akili zimrudie.

Mzee Ondoga, mjomba mkubwa, alifika kambini Alhamisi asubuhi.

"Afande, nimekuja kuona fahali," alisema kwa adabu.

"Fahali gani?"

"Wa huyo atakayemuua mtoto wetu."

Kapteni akacheka. "Mzee, hii iko kazi ya serikali. Serikali iko na utaratibu."

Akaueleza kwa fahari, kama mtu anayeonyesha redio mpya. Askari kumi watapiga pamoja. Bunduki moja itatiwa risasi isiyo na kichwa, yenye baruti na mlio tu, na hakuna atakayejua iko kwa nani.

"Wazungu walituachia hii. Kila askari analala vizuri, anasema labda mimi hapana ua. Sasa wewe utadai nani?"

Ondoga akahesabu kwa vidole. "Kama muuaji hajulikani, basi ni wote. Fahali kumi, Afande. Na wewe utakayesema 'piga', wa kumi na moja."

Askari waliokuwa wakifua nguo pale bombani walisikia. Wengi wao walikuwa vijana wa Koboko na Arua, na kila mmoja alikuwa na mama mwenye mlango. Kufikia alasiri wote walikuwa wameomba risasi isiyo na kichwa. Mmoja alileta habari ya macho mabaya, mwingine bega.

"Nikiwapa nyinyi wote," Kapteni akafoka, "huyu mutu atakufa na nini?"

"Hiyo serikali inajua, Afande."

Ijumaa uwanja ulijaa, na wauza karanga walifanya biashara nzuri. Kapteni akasimama juu ya kreti ya soda, akatangaza kwamba mhalifu atapelekwa Kampala, ambako wako askari wasiomjua mtu yeyote wa Pajulu.

Waliopelekwa Kampala hawakurudi, hata maiti. Kiden akamwendea Santo, dereva wa lori la kambi.

"Shemeji, ni wewe utampeleka?"

"Mimi naendesha tu, mama."

"Muulize mzee kama kuendesha kuna fahali."

Ondoga alikuwa anamenya karanga. "Dereva ni nusu," alisema. "Lakini nusu fahali hatembei. Ataleta mzima."

Santo akafungua boneti, akachungulia humo kwa muda mrefu, akasema giaboksi imekufa. Kapteni alijua kwamba giaboksi haikai pale. Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa na kuagiza nyingine Kampala, miaka ambayo Kampala yenyewe haikuwa na sabuni.

Amandu akabaki mahabusu, Kiden akimpelekea chakula, mpaka vita vilipofika mwaka uliofuata na jeshi likakimbilia Sudan. Lori la kambi liliwaka mara moja. Lilibeba magodoro, mbuzi, na kabati la Kapteni.

Mbele ya jengo la mahabusu Kapteni alimwambia Santo apunguze mwendo. Akamtupia Kiden, aliyekuwa ameleta chakula, funguo za mlango.

"Mama, sema kwa mzee mimi hapana daiwa kitu."

"Nitamuuliza kwanza," Kiden akasema, akainama kuziokota.